Mguu wa Kulia

Tarehe 4 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama, na mizigo yote imefika isipokuwa mwavuli. Nadhani niliuacha kwenye gari, kwa hiyo nigombeze sasa hivi tuyamalize.

Kazi nimeanza. Chumba cha kufulia cha hospitali hii kiko chini kabisa, hakiingii jua wala upepo. Mashuka yanashushwa kwenye magunia ya turubai, tunayachambua, tunayatia kwenye mashine, tunayapitisha kwenye pasi ya mvuke yenye urefu wa kitanda, halafu tunakunja wawili wawili, mmoja huku, mwenzake kule. Jioni mikono inanuka dawa hata niisugue vipi. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Usingizi bado unanikataa. Tangu mwanao aniache mjane, alipoanguka kutoka kwenye lile paa alilokuwa akichomelea, sijawahi kulala nyumba isiyo na sauti ya cherehani yako. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikinibembeleza.

Lakini sikukaa kuandika kwa ajili ya hayo. Nimeandika kwa ajili ya mguu.

Hapa kuna kliniki ya miguu iliyovimba, na mimi ndiye ninayepeleka taulo. Muuguzi wa pale tunamwita Sista Taratibu, kwa kuwa hana neno jingine: sugua taratibu, kausha taratibu, panda ngazi taratibu. Nilimweleza habari zako akaniambia nikae nisikilize. Anasema mwilini kuna maji mengine mbali na damu. Yanapita kwenye mishipa myembamba kama uzi, yanachujwa kwenye mitoki, ile ya kwapani na ya kwenye kinena, kisha yanarudi kwenye damu. Damu inasukumwa na moyo. Haya maji hayana wa kuyasukuma ila wewe mwenyewe, ukitembea, ukichezesha kifundo cha mguu, ukivuta pumzi mpaka tumbo linyanyuke. Mishipa ya mguu wako iliharibiwa zamani na vile vijidudu vya mbu, ndiyo maana maji yanabaki chini. Uvimbe uliokwisha kukaa hautaondoka wote, Mama, hilo hakunificha. Lakini unaweza kuzuiwa usizidi, na zile homa zako zinaweza kuzuiwa, kwa sababu zinaingilia kwenye ngozi iliyopasuka, hasa kati ya vidole.

Kwa hiyo tulichokuwa tukifanya kila jioni kilikuwa sawasawa. Maji safi yasiyo moto, sabuni ya kawaida, suuza mpaka sabuni iishe, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, na usisahau kati ya vidole. Ukikaa, mguu uwe juu ya kigoda. Ukilala, weka kitu chini ya godoro upande wa miguuni.

Sasa niambie ukweli. Nani anakuosha?

Mkweo

*

Tarehe 19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mwavuli ule ulikuwa wangu. Nimekwisha kugomba, tumeyamaliza.

Barua yako ilinifikia imefunguliwa upande mmoja. Mjumbe aliikabidhi kwa jirani yetu, nawe unamjua Bi Redio: kipaza sauti chenye kanga. Amekula kiapo kwamba bahasha ilichanika yenyewe. Ndiyo maana nakwambia tena, usinipigie kwa simu yake. Nikikohoa kwenye simu ile, mtaa wa pili wananipa pole.

Unauliza nani ananiosha. Mimi si mtoto. Najiosha. Kila jioni nikishafunika cherehani nachota maji, nakaa pale pale ulipokuwa ukikaa, naosha, nakausha, naweka mguu kigodani kama bibi harusi. Vidole vyote vitano viko salama na vinakusalimu.

Nimepata kazi ya mapazia ya ule ukumbi mpya, kitambaa kizito, chekundu cha kiza. Sindano zinavunjika. Nakanyaga kuanzia asubuhi. Mwambie Sista wako kwamba kifundo changu kinacheza kuliko cha mchezaji mpira.

Chumba chenu kiko kama mlivyokiacha. Natia ufagio tu, sigusi kitu. Kofia yake ya kuchomelea bado iko nyuma ya mlango, na kuna siku nasahau, nikiingia haraka nashtuka nadhani amesimama pale.

Kula vizuri. Wewe ukihuzunika huwa huli.

Mama

*

Tarehe 11 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu kwa ajili ya hivyo vidole mpaka wenzangu wakanitazama. Fundi wa boila, yule anayechemsha mvuke wa mashine zetu, akaniuliza kama nimeokota dhahabu kwenye gunia la mashuka.

Nakutumia taulo mbili laini. Zimeondolewa kazini kwa sababu zimechanika pembe, lakini ni safi, zimechemshwa. Moja ya mguu, moja ya vidole. Na kioo hiki kidogo ukiweke chini ya unyayo utazame kama kuna ufa au malengelenge, maana hakuna awezaye kuuona unyayo wake vizuri. Fundi wa boila ndiye aliyekikata na kuzungushia bomba la mpira ili kisikukate mkono.

Sista Taratibu amefurahi kusikia unakanyaga cherehani, ila anasema kukanyaga ni kuzuri na kuning'iniza mguu kutwa ni kubaya. Simama kila mara. Tembea mpaka mlangoni urudi. Ukikaa, nyanyua vidole, shusha, zungusha kifundo kama unachora duara hewani. Vuta pumzi ndefu. Kunywa maji.

Na hili lisome mara mbili, Mama. Mguu ukigeuka mwekundu, ukawa wa moto, ukauma, na wewe ukatetemeka kwa baridi: hapo hakuna mazoezi wala kukanda. Lala, mguu uwe juu, weka kitambaa chenye maji baridi, na uende hospitali upewe dawa siku hiyo hiyo. Usisubiri kumaliza mapazia ya mtu.

Hapa kuna mshona viatu wa kliniki anayetengeneza kandambili pana za ngozi. Weka mguu juu ya karatasi, uchore kuuzunguka, unitumie. Fundi wa boila anasema atazibeba yeye mwenyewe mpaka ofisi ya magari, kwa sababu mimi hufika baada ya wao kufunga.

Mkweo

*

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Taulo nimepata, kioo nimepata. Mchoro wa mguu huu hapa.

Mapazia bado. Mwenye ukumbi kabadilisha urefu.

Huyo fundi wa boila, ana mke?

Mama

*

Tarehe 15 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nilipeleka mchoro kliniki nikiwa na furaha tele. Sista Taratibu akauweka mezani, akauangalia, akaniuliza:

"Mgonjwa wako anaumwa mguu gani?"

"Wa kulia."

"Huu ni wa kushoto, binti. Dole gumba lile pale. Na ni mguu mzima kabisa."

Nilisimama pale na taulo zangu sijui niangalie wapi. Mama, kwa nini? Umechora mguu ambao hauna shida, ukautia kwenye bahasha, ukaubandikia stempu. Ule wa kulia umekuwaje hata usiweze kuwekwa juu ya karatasi? Nimekuwa nikijiambia pengine ulikosea tu, lakini wewe hujawahi kukosea kipimo tangu nikujue.

Naomba unichoree ule wenyewe. Hata kama ni mkubwa kama sinia, mimi nimeshaushika, mimi siyo mgeni wake.

Kuhusu ulichouliza, yule ni mtu wa kazini tu. Simjui sana.

Mkweo

*

Tarehe 6 Mei

Mama,

Sijapata jibu. Naandika tena kwa kuwa pengine barua ilipotea. Hata mstari mmoja tu. Hata unitukane.

Mkweo

*

Tarehe 20 Mei

Kwako mke wa marehemu,

Salamu nyingi. Mimi ni jirani, yule mnayeniita Redio, msidhani sijui. Mwandiko ni wangu mwenyewe usicheke, niliacha shule mapema.

Nakuandikia bila ruhusa ya mama mkwe wako. Yuko wodini. Usiruke, yuko hai, anagombana na wapishi, kwa hiyo anapona. Lakini tulikaribia kumpoteza na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ilikuwa hivi. Asubuhi ile sikusikia cherehani. Nikasema labda anakata kitambaa. Mchana sikusikia. Nikaenda kugonga, kimya. Nikaingia kwa mlango wa uani. Nikamkuta sakafuni katikati ya yale mapazia mekundu, amejifunika yote na bado meno yanagongana kwa baridi. Nikafunua. Mwanangu, mimi nimezaa na nimezika, lakini ule mguu ulinitoa machozi. Ulikuwa mwekundu unang'aa, moto unausikia kabla hujagusa, na kati ya vidole palikuwa pameoza pananuka. Siku nyingi haukuguswa na maji, hilo halihitaji daktari kuliona.

Nikataka kuchemsha maji niukande kwa chumvi kama tulivyozoea. Akanishika mkono, na homa yake yote ile, akasema, "Maji baridi. Nyanyua juu. Barua iko chini ya godoro, soma." Nikasoma. Nikafanya kama ulivyoandika, kisha nikaita vijana wa gereji wakamtoa na kitanda chake.

Sasa nikwambie ambayo yeye hatakwambia. Kujiosha hawezi. Kiuno chake hakikunji, mkono hauvuki goti. Alifunga kitambaa kwenye fimbo ya pazia akawa anajaribu kujifikia, ndivyo alivyoipasua ngozi. Mimi nilikuwa nikimwona kupitia ule ufa wa ukuta wa uani. Najua habari za mguu ule tangu wewe hujaolewa, na magauni marefu anayojishonea najua ni ya nini. Mtaani hakuna ajuaye. Naitwa Redio lakini stesheni ile sijawahi kuifungua, hata kwa mume wangu. Nilikuwa nangoja aniite. Hakuniita.

Na jambo jingine. Shemeji yangu alikuja kutibiwa huko kwenu mwezi wa tatu. Akakuona kwenye benchi nyuma ya jengo la kufulia, wewe na mwanamume mwenye ovaroli, mnakula sahani moja. Alipoleta habari mimi nikampelekea mama mkwe wako moto moto, nikidhani atafurahi kwamba hukai peke yako. Aliniuliza tu, "Alikuwa anacheka?" Nikasema, shemeji anasema alikuwa anacheka. Tangu siku hiyo hata ile fimbo sikumwona nayo tena.

Sijui nilifanya vibaya au vizuri. Ndiyo nimekueleza.

Jirani yako

*

Tarehe 26 Mei

Mama,

Sijui nianze wapi. Naandikia juu ya rundo la mashuka, kwa hiyo usitazame mistari.

Ni kweli. Ni yeye, fundi wa boila. Nilikuandikia kwamba simjui sana na mchana ule ule tulikuwa tumekula pamoja. Ilianza kwa kioo kile. Alipokuwa akikikata aliniuliza ni cha nini, nikamwambia habari zako, akasikiliza mpaka mwisho, na hakuuliza kwa nini namhudumia mama ambaye si wangu. Wote wengine huuliza. Nilitaka kukwambia, kila barua nilitaka. Nikifika hapo naiona ile kofia nyuma ya mlango na kalamu inakwama.

Sikujua huwezi kuinama. Miaka yote hiyo nikiinama mimi, sikuwahi kujiuliza. Nikaondoka nikakuachia beseni na maneno.

Nimeomba ruhusa, msimamizi amekataa, anasema nitafute mtu wa kushika nafasi yangu. Basi naacha kazi. Mwisho wa mwezi huu narudi nyumbani. Yeye nimeshamwambia yaishe. Alifuta mikono kwa tambara, akasema, "Nenda kamwangalie mama yako." Akarudi kwenye boila.

Nisubiri, Mama. Nitakuosha kama zamani.

Mkweo

*

Tarehe 14 Juni

Mwanangu,

Usirudi.

Mwisho wa mwezi umepita hujaja; bahati nzuri wewe huwezi kuacha kitu haraka. Nimepata habari kwa shemeji wa jirani kwamba bado uko kazini. Baki hapo hapo. Nisome mpaka mwisho ndipo ulie.

Nimetoka wodini. Mguu umepoa, umebaki mzito kuliko zamani. Daktari amesema kila homa ya namna hii inaharibu mishipa iliyobaki, na huu wa kulia hautarudi ulivyokuwa ulipouacha. Nilimwambia asante. Nilitaka kumwambia kwamba kosa si la mbu peke yake.

Nitakueleza mambo yalivyokuwa, kwa kuwa jirani amekueleza yake kupitia ufa wa ukuta.

Ulipoondoka nilijaribu. Nilikaa kwenye kiti, nikaweka beseni, nikainama, nikafika hapa kwenye goti, basi. Nikafunga tambara kwenye fimbo. Fimbo haina huruma, haijui hapa ni laini hapa ni ngumu. Ningeweza kumwita jirani, yuko hatua chache kutoka mlangoni. Sikumwita. Si kwa ajili ya mdomo wake, nilijidanganya hivyo lakini siyo. Niliona kwamba siku mtu mwingine atakapokaa pale na kuushika mguu huu, nitakuwa nimekubali kwamba wewe umekwenda. Mwanangu nilimzika nikiwa nimekushika mkono. Nikajiambia, huyu bado ninaye. Nikaweka nafasi yako wazi, kama mpumbavu, nafasi chini karibu na beseni.

Halafu nikasikia ulikuwa unacheka.

Nisikilize vizuri. Sikukasirika kwa kuwa umependa. Wewe bado kijana, ningekuwa mwehu. Nilikasirika kwamba kila barua ulijaza vidole, sabuni, taulo, pumzi ndefu, na lililokuwa moyoni mwako ukaliacha nje. Nikaona hizi sasa si barua za mtoto wangu, hizi ni barua za muuguzi. Nikaacha kuosha. Nilitaka uje ukute. Sijui nilitaka ukute nini hasa. Mtu mzima na nywele zangu nyeupe, nikajifanyia ukorofi mwilini mwangu mwenyewe ili nikukomeshe wewe uliye mbali, ambaye hata hukuwa ukiona. Nami nikakutumia mguu wa kushoto. Kwa hiyo usijipige kifua peke yako, tulidanganyana wote wawili.

Sasa jirani ndiye anaosha. Muuguzi wa wodini alimfundisha, akamsimamia mpaka akajua. Anakuja jioni akiwa na habari za mtaa mzima, anaosha huku anasimulia, akifika kwenye utamu wa habari anasahau anasugua. Namwambia, "Taratibu!" Anasema, "Ngoja nimalize, hujasikia walivyoachana." Lakini kati ya vidole anakausha kama anafuta kikombe cha mtoto. Siku ya kwanza nilifumba macho mpaka alipomaliza. Siku ya pili pia. Naye hakusema lolote juu ya mguu wenyewe, na hiyo kwake ni kazi nzito.

Mapazia nimeyarudisha kwa mwenyewe. Nashona vitu vyepesi, nusu siku, mguu juu ya kigoda na ule wa kushoto ndio unakanyaga. Mshono unakwenda upande kidogo. Wateja wengine wameondoka.

Nyumba ni kimya sana. Sisemi hivyo ili urudi. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyo, na tumekubaliana kuacha uongo.

Mpigie magoti huyo fundi, umwambie mama amekataa yaishe.

Mama

*

Tarehe 3 Julai

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea.

Nilikwenda chumba cha boila. Sikuhitaji kupiga magoti. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanisogezea nyingine. Nikamsomea ile sehemu ya jirani na fimbo. Akauliza kama unapenda mguu uwe juu kiasi gani, kwa kuwa anaweza kutengeneza kigoda kinachopanda na kushuka. Ndivyo alivyo. Ukimletea huzuni anatafuta spana.

Tunaoana, Mama. Naliandika hivyo hivyo, kabla kalamu haijakwama. Ni mwezi ujao, watu wachache, nyumbani kwao.

Na sasa nina maombi mawili, na yote najua ni mazito.

La kwanza, uje ukae nasi. Tumepata vyumba viwili karibu na hospitali. Kliniki utaifikia kwa miguu yako.

La pili. Mama yake alinialika chakula. Ni mwanamke mpole. Akaniuliza, "Wazazi wako watakuja siku hiyo?" Nikamwambia baba na mama sikuwajua, na shangazi aliyenilea amekufa. Akasema, "Kwa hiyo huna mtu wa kusimama na wewe?" Mama, nilifungua mdomo nikajikuta nimesema, "Ninaye mama." Akafurahi. Hakuuliza ni mama wa namna gani, na mimi sikueleza.

Ninakuomba usimame kama mama yangu. Najua ninamwomba mama wa nani. Kama ni dhambi kukuomba hivi, niambie, nitawaambia sina mtu.

Mkweo

*

Tarehe 25 Julai

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako ilinikasirisha. Niliitupa chini ya meza ya kukatia. Jirani aliiona alipokuwa akiosha, akaiokota, akaisoma mbele yangu bila aibu, kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona: alinyamaza. Alimaliza kuosha, akakausha, akaondoka bila kusema neno. Nikabaki na kimya chake, na hicho ndicho kilichonishinda.

Kesho yake nilikwenda makaburini. Nilivaa gauni la kawaida, lile fupi, kwa kuwa marefu yananinasa nikitembea. Watu waliutazama mguu. Mwanamke mmoja alimvuta mwenzake mkono. Niliwaacha watazame, nilikuwa na mambo mengine kichwani. Kule nilikaa juu ya jiwe na kumweleza mwanangu kila kitu, kwamba mkewe anaolewa, kwamba ni mtu mwenye adabu, fundi kama yeye. Nilingoja nihisi kitu. Sikuhisi kitu. Palikuwa na upepo na majani makavu. Nikatambua kwamba anayekataa si yeye. Ni mimi.

Kwa hiyo majibu yako haya.

Kuja kukaa nanyi, hapana. Mimi ni mtu wa cherehani yangu na ugomvi wangu na jirani. Na wewe huwezi kuanza nyumba mpya na mama wa marehemu kwenye chumba cha pili. Kila mtakapocheka mtapunguza sauti. Sitaki kuwa mtu wa kupunguziwa sauti.

Kuja siku yenyewe, hapana vilevile. Naweza kukwambia ni safari, kwamba kukaa garini kutwa nzima mguu ukining'inia ni kujitafutia wodi, na daktari angeniunga mkono. Lakini tumeacha uongo. Siji kwa sababu sitaweza. Nikimwona mwanamume mwingine amesimama pale karibu yako, uso wangu utasema jambo ambalo watu wa watu hawakulialika. Nisamehe. Nimejitafuta humo ndani, sijaiona nguvu hiyo.

Lakini usiwaambie huna mtu. Hapo utakuwa umenizika nikiwa hai. Mpe mama yake maneno haya ayasome, nimeyaandika kwa mwandiko mkubwa:

"Mimi ndiye mama wa huyu binti. Sikumzaa. Alikuja kwangu kama mke wa mwanangu mmoja tu niliyekuwa naye, na mwanangu akafa. Angeweza kuondoka siku ile. Alibaki, akawa anakaa chini kila jioni na kuniosha mguu ambao mimi mwenyewe niliuonea kinyaa. Sikumwomba, wala hakuwahi kuniambia amechoka. Huyo ndiye ninayewapa. Simkopeshi, nawapa. Kama mtoto wenu atamtesa, mimi mguu wangu ni mzito lakini bado unatembea, na nitafika."

Mwisho wa kusoma.

Sasa maneno yako mwenyewe. Vitu vya chumbani nimevikunja. Nguo zake nimewapa vijana wa gereji. Picha yenu nimebaki nayo mimi. Usiiombe, mahali pa kuiweka huna tena, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kama siku moja utapata mtoto, usimpe jina lake. Nakuomba sana. Sitaki kulisikia likiitwa mezani na mtu mwingine ndiye anayeitika.

Siku ya harusi nimemwambia jirani asije. Nitafunga mlango. Nitajaribu kuufikia mguu mwenyewe, nikishindwa utalala bila kuoshwa siku moja, hautakufa. Usinitumie salamu siku hiyo kwa mtu yeyote. Nataka kulia kwa nafasi, bila kusikia nyayo mlangoni.

Kesho yake asubuhi jirani atakuja. Na wewe kesho yake niandikie. Niambie ulivaa nini, nani alisoma yale maneno, na kama sauti ilimtoka vizuri.

Mama